Porti Si Wizi, Zile Kadi Ndizo Wizi

Wacha niseme hii kitu mara moja, mnitukane mkishamaliza kusoma. Msee anayekesha bila kulipwa akihamisha gemu kutoka kompyuta hadi kwa PSP yako kuukuu si mwizi. Mwizi ni yule anayekuuzia memori kadi iliyojaa gemu kwa soo tano. Naongea kwa uhakika juu huyo wa pili nilikuwa mimi.

Tutafika hapo. Kwanza tuelewane vitu vyenyewe, juu nikisema "porti" nusu yenu mnafikiria Mombasa.

PSP yangu niliinunua Luthuli kwa ngiri tatu na nusu. Ex-UK, skrini imekwaruzwa pembeni, betri imefura kama mandazi, na haikuwa na diski hata moja. Jamaa aliyeniuzia akaniambia, "Hiyo imekrakiwa, weka kadi tu." Kwa nyinyi mliozaliwa mkapata simu zinafanya kila kitu: PSP ni mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, ilianza kuuzwa Japani tarehe 12 Desemba 2004. Ile ya kwanza ilikuwa na memori ya kufanyia kazi ya MB 32. Thelathini na mbili! Simu ya mathe, ile anatumia WhatsApp na M-Pesa peke yake, inacheka. Na kuikraki ni kubadilisha programu ya ndani ili mashine ikubali kuendesha vitu ambavyo Sony haikuviruhusu. Kuanzia 2007 mafundi walikuwa na ujanja wa betri ya Pandora. Unaingiza hiyo betri, PSP inadhani iko mezani kwa fundi wa kampuni, inafungua milango yote. Kitu ya ajabu sana kuangalia ikifanywa mara ya kwanza.

Sasa sikia hii. Siku 8 baada ya PSP kutoka, tarehe 20 Desemba 2004, hukohuko Japani, jamaa anaitwa Daisuke Amaya aliweka gemu yake kwenye intaneti. Bure. Inaitwa Cave Story. Alikuwa ameifanyia kazi miaka 5 peke yake: michoro, hadithi, muziki, programu, kila kitu. Mashine na gemu zimetoka nchi moja, mwezi mmoja, na hakuna kampuni iliyowahi kuzikutanisha rasmi. Aliyezikutanisha ni shabiki. Hata Kiingereza ninachosoma nikicheza kiliwekwa kwanza na mashabiki, kikundi cha Aeon Genesis, juu gemu ilitoka ikiwa na Kijapani tupu. Kwa hivyo mimi, kijana wa Umoja, nilicheza gemu ya Mjapani, kwa Kiingereza cha mashabiki, kwenye mashine ya mtumba kutoka Uingereza, kupitia kazi ya mtu ambaye sitawahi kuona uso wake. Nioneshe ni nani aliibiwa hapo katikati.

Hiyo ndiyo porti. Ni gemu kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine ambayo haikuundiwa. Kampuni hufanya hivyo kila siku na kukulipisha. Shabiki anafanya juu anaipenda hiyo gemu na anaipenda hiyo mashine, na anaona ni ujinga hivyo viwili visijuane. Gemu zinazofanyiwa hivi sana ni zile za indie, yaani za mtu mmoja au kikundi kidogo kisicho na kampuni kubwa nyuma yake. Huwa nyepesi, na mara nyingi mwenyewe hana pesa wala saa za kuzipeleka kila mahali.

Na namna wanavyofanya, manze, kuna zingine zitakufanya ukae chini. Chukua PS Vita, mdogo wake PSP. Ilitoka Japani Desemba 2011, Sony ikaacha kuiunda 2019. Julai 2016 mahaka waliifungua kwa kitu kinaitwa HENkaku. Prosesa yake ni ya familia ya ARM, familia ileile ya prosesa za simu zetu. Sasa mwaka 2021 msee anajiita TheFloW akafikiria: kama prosesa ni ndugu, kwa nini gemu iliyoundiwa Android isiende hapa moja kwa moja? Akaanza na GTA San Andreas. Hakuiandika upya. Alichukua programu yenyewe ya Android, akaipakia ndani ya Vita, akaidanganya. Gemu ikiita, "Android uko?" yeye anajibu, "Niko, sema unataka nini." Ikiomba sauti, anaipatia sauti ya Vita. Ikiuliza mtu amegusa skrini wapi, anajibu na vibonyezo. Mpaka mwisho gemu haijui ilihama nyumba. San Andreas si indie, hiyo najua, lakini mlango ukishafunguliwa hauchagui nani apite. Baada ya hapo gemu nyingi ndogo zilipitia hapohapo, na jamaa mwingine, Rinnegatamante, akaunda kipakiaji cha gemu zilizotengenezwa kwa GameMaker. Programu moja, gemu kibao.

Lakini kuna kitu watu huruka. Ukishusha hiyo porti, gemu haimo. Hakuna picha, hakuna muziki, hakuna ramani. Umepewa jiko na sufuria, unga uje nao mwenyewe. Unaambiwa ununue gemu, utoe faili kutoka kwa nakala yako, uiweke kwenye folda hii. Karibu porti zote za maana ziko hivyo. Hata PortMaster, ile ya mashine ndogo za Linux kama R36S na za Anbernic, gemu za kulipia zinakuja tupu. Zinazokuja kamili ni zile ambazo wenyewe walishazitoa bure.

Hiyo faili moja ndiyo maneno yote ninayotaka kusema leo. Wasee wanabishana porti ni halali au ni haramu kana kwamba ni kitu kimoja. Uliza faili ilitoka wapi, utajua unaongea na nani.

Sasa mimi.

Niliacha campo mwaka wa pili. Sitaki huruma, na sitaki yule wa "lakini hata matajiri fulani waliacha". Mimi niliacha juu ya karo. Nilirudi mtaa na laptopu inayozima ukigusa chaja vibaya, na wifi ya jirani ambaye mpaka leo hajui ni nani alikuwa anamaliza spidi yake usiku. Na nikagundua kuna watoto kibao mtaani wako na PSP za mtumba, wachache na Vita, na baadaye zikaanza kuingia hizi R36S za Kichina. Mashine wako nazo, kitu cha kucheza hawana.

Nikaanza kujaza kadi. Soo tano ukileta kadi yako, thao moja na soo mbili nikikupatia yangu. Naweka porti, naweka na faili za gemu, nilizotoa mahali ambapo hata sitapataja. Unaichomeka, unacheza. Miezi kama minane hivi, nafikiri nilijaza kadi zaidi ya sitini. Ililipa keja. Ilinunua ile taa ya duara ninayotumia kurekodi. Hizo video za kwanza mlizoniona nazo, zililipiwa na kadi.

Na sikuona shida. Nilikuwa na majibu yote, yaleyale mnayonipa siku hizi. Watu wa mbali hawatasikia. Hawa watoto hawangenunua hata hivyo. Mimi nalipisha kazi yangu, si gemu. Hiyo ya mwisho nilikuwa naipenda sana, ilikuwa inanifanya nijione fundi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naibia watu wawili kwa kadi moja. Wa kwanza ni aliyeunda gemu. Wa pili ni shabiki aliyehangaika na porti miezi mingi, akaiweka bure, akaandika pale juu kabisa kwamba isiuzwe na isiwekwe pamoja na faili za gemu. Niliisoma hiyo. Niliisoma nikapitisha.

Kulikuwa na kijana wa Form Two alinunua kadi ya R36S yake. Baada ya wiki kama mbili akarudi. Nilidhani kadi imekufa. Kumbe ni Stardew Valley, ile ya kulima. Amelima mpaka amejenga, ameoa, ana kuku. Akaniuliza, "Brathe, huyu mwenye aliunda hii ako wapi? Nataka kumwandikia." Nikamwambia ni kampuni kubwa ya Marekani, hawasomi barua za watu. Akasema sawa, akaenda.

Si kampuni kubwa. Ni mtu mmoja, Eric Barone. Alikaa zaidi ya miaka 4 akiunda hiyo gemu peke yake, akipata doo za matumizi kwa kuonesha watu viti vyao kwenye ukumbi wa maonyesho huko Seattle. Msichana wake alikuwa ndiye anabeba bili nyingi. Ilitoka Februari 2016. Mimi nilijua hiyo hadithi! Nilikuwa nimeisoma. Nilidanganya kwa sababu jina la mtu lingefanya kile ninachouza kiwe cha mtu.

Sikuacha siku hiyo pia, msidhani. Niliacha mwezi uliofuata, na sababu yangu ni ya kujipenda.

Nilikuwa nimefanya skiti moja ya konda na abiria mwenye noti ya thao saa kumi na mbili asubuhi. Siku tatu kuirekodi, juu dereva wa ile mat alikuwa anatupatia dakika kumi tu kabla ya kupakia. Ikaenda vizuri kwangu, si mchezo. Halafu ukurasa fulani mkubwa ukaichukua. Wakakata pale chini palipo na jina langu, wakaweka lao, ikaenda mara ishirini zaidi ya yangu. Niliwaandikia. Waliniblok. Nilikaa kwa kitanda nikiwa na hasira ya kulia, nikimwambia beshte yangu venye watu wa hii nchi hawaheshimu kazi ya mtu, na wakati naongea nilikuwa nimeshika kadi ya mteja, laptopu iko asilimia 70 ya kunakili.

Beshte yangu hakusema kitu. Aliangalia tu laptopu.

Kwa hivyo nikisikia kontentikrieta mwenzangu analia video yake imeibiwa, na mimi namjua ana R36S ya kadi ya Moi Avenue yenye gemu elfu kumi, huwa nakunywa maji kwanza.

Lakini sasa msinielewe vibaya mkafikiri nimeokoka na nimehamia upande wa kampuni. Hapana. Kuna kitu kampuni hazitaki kusikia: mnatufungia mlango halafu mnatushangaa tukipitia dirishani. Jaribu kufungua akaunti ya PlayStation ukiwa Nairobi. Tafuta Kenya kwenye orodha ya nchi. Haipo. Sisi wote tuko Uingereza au Marekani kwa makaratasi, tuna anwani za mitaa ambayo hatujawahi kukanyaga, na pesa inaingia kupitia kadi za zawadi tunazonunua kwa mtu wa katikati anayeongeza yake. Mtu anataka kulipa na anaambiwa haishi mahali popote.

Na ukilipa, unaachwa. Machi 2021 Sony ilitangaza inafunga maduka ya PS3, PSP na Vita. Watu wakapiga kelele, Aprili wakabadilisha mawazo kuhusu PS3 na Vita, lakini la PSP likafungwa Julai. Nintendo nayo ikafunga duka la 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023. Hizi mashine hazijafa. Ziko Luthuli, ziko Githurai, ziko kwa watoto walioachiwa na mabinamu. Hapa kwetu mashine haifi kwa sababu mtu Tokyo amesema imekufa. Inakufa fundi akiirudisha na kutikisa kichwa. Anayeipa PSP kitu kipya cha kucheza miaka ishirini baadaye ni shabiki peke yake, na huyo ndiye mnamwita mwizi?

Hata hapa nyumbani. Mnakumbuka Ma3Racer? Gemu ya matatu ya Planet Rackus, ilikuwa kwenye simu za Nokia, unaendesha mat ukikwepa watu. Tulikuwa tunapokezana simu ya mtu darasani. Nimeitafuta niicheze tena, sijaipata mahali pa kuaminika. Zile simu ziliondoka, na ile gemu ikaondoka nazo. Ningefurahi sana kusikia kuna kichaa mmoja anaiandikia porti. Ningempikia.

Kuna upande ambao sina majibu rahisi. Mwaka 2020 Nicalis, kampuni inayouza toleo la kulipia la Cave Story, ilidai mradi wa mashabiki unaoitwa CSE2 uondolewe mtandaoni. Ule mradi ulikuwa msimbo wa gemu uliorudishwa kwa kuifungua programu yenyewe na kuitafsiri nyuma, na kutoka hapo ungeweza kuipeleka gemu popote. Wengi walikasirika. Mimi pia, juu gemu ya asili ni ya bure tangu 2004. Lakini nikitulia naona tofauti. Kuna mradi wa zamani unaitwa NXEngine ambao uliandikwa upya kutoka mwanzo, na kuna huu ambao ulitoka ndani ya programu ya mtu. Kisheria si kitu kimoja, na nikisema ni kimoja kwa sababu napenda matokeo, nitakuwa narudi kwa yale majibu yangu ya kadi. Bado naona Nicalis walikosea kwa moyo. Kwa karatasi sina hakika ningewashinda.

Na kuna kitu kingine ambacho watu wa porti hatupendi kukisema: porti mbaya inaharibia mwenye gemu jina. Najua juu nimefanya hivyo. Video yangu moja ya mwanzo niliita gemu fulani takataka, ati inakwama, muziki unachelewa, vibonyezo vinalala. Kumbe gemu iko sawa kabisa, ni porti ilikuwa haijaiva na mwenyewe alikuwa ameandika kwamba haijaiva. Nikaifuta baada ya siku mbili, lakini watu walikuwa washaiona. Sasa fikiria wewe ndiye uliunda hiyo gemu miaka minne, halafu mtoto wa Nairobi anaitukana kwa kosa ambalo si lako. Ungependa mashabiki? Kwa hivyo shabiki anayeweka porti bila kusema waziwazi kwamba si rasmi, au anayeficha kasoro zake, huyo simtetei. Na muunda gemu akisema hataki, hapo pia mimi huacha. Wachache hukataa. Wakikataa, ni yao.

Ninachotaka mimi ni waundaji zaidi wafanye kama Terry Cavanagh. Gemu yake VVVVVV ilitoka Januari 2010. Januari 2020, siku ya kutimiza miaka 10, akatoa msimbo wake wote watu wausome na waupeleke wanakotaka, bora wasiuuze. Picha na muziki unatoa kwa nakala yako. Jiko na sufuria, unga uje nao, lakini safari hii jiko limetolewa na mwenyewe.

Na huo msimbo, wacha niwaambie. Niliushusha nikidhani nitaona kitu cha kunitisha, kitu cha watu waliomaliza digrii. Ndani kuna swichi moja ndefu yenye mamia ya hali, moja baada ya nyingine, zimepewa namba tu, kama mtu alikuwa anaongeza chumba kila akipata mgeni. Mhadhiri wangu wa programu angeweka alama nyekundu mpaka kalamu iishe. Na ni gemu inayopendwa dunia nzima. Niliikusanya hiyo programu kwa ile laptopu yangu, ikakataa mara kumi na moja, ya kumi na mbili ikafunguka. Sijawahi kujisikia hivyo darasani hata siku moja. Nilijifunza kusoma ujumbe wa makosa hapo, maktaba ni nini, kwa nini kitu kinakubali kwa mashine moja na kukataa kwa nyingine. Kama kuna mtu huko nje ameacha shule na bado anataka kujua hii kazi, asinunue kozi ya mtu wa Instagram. Achukue gemu ndogo iliyo wazi na ajaribu kuihamisha.

Kuna Celeste ya kwanza kabisa, ile ndogo. Maddy Thorson na Noel Berry waliiunda kwa siku 4 kwenye PICO-8, na wakaiacha bure. Mashabiki wameipeleka mpaka Game Boy Advance. Ni fupi, utaimaliza jioni moja ukiwa na hasira. Anza nayo.

Siku hizi bado nafanya kazi ya mashine. Soo tatu nakukrakia PSP, nakusafishia analogi, nakutafutia betri isiyofura. Porti naweka, tupu. Zile za bure naweka kamili: Cave Story ile ya 2004, Celeste ndogo. Ukitaka ya kulipia nakaa chini na wewe tunanunua. Si ngumu kama watu wanavyofikiri. Google Play inakubali M-Pesa moja kwa moja, na porti nyingi za Vita zinataka faili za toleo la Android. Za Steam na GOG unalipa na ile kadi ya GlobalPay ya ndani ya M-Pesa. Subiri bei ishuke, huwa zinashuka kila mara, wakati mwingine nusu na zaidi.

Wateja wamepungua, siwezi kudanganya. Hatua hamsini kutoka kwangu kuna msee anajaza kadi kwa mia nne. Wengine wananiuliza bei, nawaeleza, wananiangalia kama nimewaambia walipie hewa, wanatembea hizo hatua hamsini. Siwalaumu sana, nilikuwa yeye.

Yule kijana wa Stardew nilimtafuta. Ako Form Four sasa, sauti imekuwa nzito. Nilimwambia ukweli, kwamba ni mtu mmoja, jina lake hili, na kwamba ile kadi niliyomuuzia haikuwa yangu kuuza. Nilidhani atanikasirikia au atacheka. Akauliza tu, "Sasa ile ya kununua ni pesa ngapi?" Kwa Steam ni dola 14.99, karibu ngiri mbili. Nikajitolea kumnunulia, akakataa. Shamba lake alihifadhi, nimemwambia tutajaribu kulihamisha likubali nakala mpya, sijamuahidi.

Anatuma mia, mia hamsini, kwa M-Pesa yangu, kila akipata. Jana alituma mia mbili. Amebakisha mia saba.